Sarafu ya Kurejea

Swafiya alikuwa anapinda sketi ya sare ya shule aliposikia sanduku la magurudumu likiburutwa juu ya mawe ya barabara. Hakuinua hata kichwa. Kabuga, pembezoni mwa Kigali, ni mji wa stendi, watu hushuka kwenye mabasi ya mashariki na mizigo yao tangu asubuhi hadi jua linapozama, na sanduku la magurudumu si habari ya kumwachisha fundi cherehani kazi. Likaja polepole, likakwaruza mawe, likaruka kijifereji kilicho mbele ya nyumba yao, likasimama getini.

Akasubiri mtu abishe. Hakubisha mtu. Akaondoa mguu kwenye kikanyagio, akajishika kiuno kama wanavyojishika wajawazito wa miezi minane, akaenda kuchungulia. Barabara ilikuwa tupu kutoka kwake hadi kwenye kona ya duka la Twagirayezu, na jua la alasiri limeangukia mawe yote. Hakukuwa na sanduku wala mgeni. Ilikuwapo harufu tu, harufu ya kafuri, ile ambayo Mwislamu akiisikia mahali huuliza kwanza nani amefariki.

Ndipo mtoto akageuka tumboni. Halikuwa teke, mateke alikwisha kuyazoea. Aligeuka mzima mzima, taratibu, kama mtu aliyelala anayegeuza uso atazame nani ameingia, akaelekea upande wa geti.

Jioni Swafiya alimsimulia mumewe habari za sanduku na kafuri. Za mtoto alizimeza. Usumani akacheka, akasema wenye mimba husikia harufu zisizokuwapo, juzi tu si alikataa chai kwa kuwa ilinuka samaki? Lakini alipoingia chumbani kubadili shati alisimama muda mrefu chini ya sarafu iliyoning'inia juu ya kitanda, na mkewe alimwona.

Sarafu hiyo lazima ielezwe. Usumani ni fundi wa kuchonga: mihuri ya ofisi, vikombe vya washindi wa kandanda, nishani za wahitimu, na karakana yake iko nyuma ya soko. Katika wateja wake wote, waliompa heshima zaidi walikuwa wafuasi wa Sheikh Munyakazi, mzee wa tarika mmoja mpole, mwenye sauti ya chini iliyoanza kila mara na kikohozi kidogo, na aliyependa safari kuliko alivyopenda chakula. Alikwenda Unguja, Muscat, Madina, hata nchi za baridi ambako alirudi akisema watu wa kule wanastahili huruma. Kila aliporudi wafuasi walimtengenezea sarafu ya shaba ya ukumbusho. Upande mmoja kilemba chake na bakora. Upande wa pili jina la mji, siku ya kuondoka na siku ya kurejea. Haikuwa pesa, usingenunulia hata kiberiti. Ilikuwa ya kutundika ukutani, au kuweka kabatini pamoja na vikombe vya harusi ambavyo hakuna anayenywea.

Sheikh alikuwa na sharti moja tu juu ya sarafu hizo. Zitengenezwe akisharudi, ameketi, amekula. Kabla ya hapo hakutaka hata kuiona ikichorwa kwenye karatasi.

Safari hii kamati ya wafuasi ikajiona ina akili kuliko mzee. Mwenyewe alikuwa ametangaza kwamba inatosha, magoti hayataki tena, hii ya Komoro ndiyo ya mwisho. Mapokezi yakapangwa makubwa, mahema, viti vya kufunikwa vitambaa, wageni wa Kampala na Bujumbura. Na Kigali mnaijua. Ni mji wa kujiandaa mapema. Mkutano wa saa tatu watu wamekaa saa mbili na nusu, na sherehe isiyopangwa miezi kabla huhesabiwa kuwa dharau. Basi kamati ikamwagiza Usumani azipige sarafu zote kabla mzee hajapanda ndege, na siku zote mbili ziwe zimeandikwa, ya kuondoka na ya kurejea, Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani. Walipokuja kuzichukua wakazisomea kabisa ile dua ya kumkaribisha msafiri aliyefika salama, ili siku yenyewe shughuli isichelewe. Mzee hakuambiwa. Walitaka kumfurahisha.

Alifariki Moroni, huko Komoro, usingizini, safari ikiwa bado changa, akazikwa hukohuko. Kamati ikaona haya kubaki na sarafu zinazosema amerudi, ikazirudisha karakana ziyeyushwe. Usumani akaziyeyusha, isipokuwa moja. Mafundi wa kazi ile wana desturi yao: ya kwanza kutoka kwenye chapa ni ya fundi. Alikuwa nazo za safari zote, na hii ilikuwa nzuri kuliko dada zake. Herufi zimesimama, mikunjo ya kilemba unaiona mmoja mmoja.

Lakini si uzuri ulioiokoa. Swafiya alikuwa ameshapoteza mimba tatu. Hii ya nne nayo ilipofika mwezi wa sita ikaanza kutoa damu, na Usumani, mwanamume asiyejua ashike wapi, akaitundika sarafu juu ya kitanda kwa sababu ilikuwa imesomewa. Kabla hakujapambazuka damu ikakoma. Haikurudi tena. Niambieni mwanamume gani angeichukua sarafu hiyo akaitia motoni.

Sanduku lilirudi kesho yake, na siku zilizofuata, saa ileile ya alasiri. Siku za mwanzo liliishia getini. Kisha ikaja alasiri ya mvua, geti limefungwa kwa komeo na ufunguo umo mfukoni mwa Swafiya, akalisikia likiacha mawe na kuingia kwenye saruji ya ua, maana sauti ya saruji ni nyingine, laini, ya karibu, magurudumu mawili yanazunguka na moja linalia kidogo kwa kukosa mafuta, likapita chini ya kamba ya nguo, likapita ubavuni mwa pipa la maji, likaja hadi kwenye kizingiti likatulia, na mvua inapiga mabati, na harufu ya kafuri ikaingia chini ya mlango pamoja na ubaridi, na mtoto akaegemea mbavu za mama yake upande uleule wa mlango, akabaki hivyo, kama anayesikiliza.

Mvua ilipokatika alifungua. Saruji yote ilikuwa imelowa, ila mistari miwili mikavu, sambamba, iliyotoka getini ikafika mlangoni. Ya kurudi haikuwapo.

Jioni hiyo Mukunde alikuja kuazima pasi. Huyu ni jirani wa ukuta mmoja, Mkristo aliyekulia Kampala, mwimbaji wa kwaya, mtu ambaye ukipika yeye ndiye anakuna nazi na ukiugua yeye ndiye anafua. Akasimama mlangoni na pasi mkononi, akasitasita.

"Swafiya, nyinyi iko na mgeni? Kila siku nasikia magurudumu ya valizi inaingia kwenu."

Swafiya akamtazama. Kumbe hakuwa anasikia peke yake. Angeweza kusema hapo hapo, na moyo ulitaka kusema. Lakini Kabuga ukisema kuna mtu haonekani na unamsikia, watu hawabishani nawe. Wanakuitikia kwa upole, wanakupa pole, na jioni wanajadiliana nani ana gari la kukufikisha Ndera, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwanamke wa mimba tatu zilizotoka hakutaka kupewa sababu nyingine ya kutazamwa. Akasema ni watoto wa nyuma wanacheza na toroli. Mukunde akasema aa, akaenda zake.

Ijumaa Usumani alirudi nyumbani mapema, na kwa mara ya kwanza akasikia kwa masikio yake mwenyewe. Alikuwa anakunywa uji. Magurudumu yalipoingia uani aliweka kikombe chini, akamtazama mkewe, na uso wake ukaomba aambiwe kwamba ni kitu kingine. Kisha mlango ukabishwa, polepole, kwa kifundo cha kidole. Kikasikika kikohozi kidogo.

"Hodi wenyewe."

Sauti ile kila mtu wa tarika angeijua hata usingizini. Na jambo baya zaidi, Swafiya alilikumbuka baadaye, ni kwamba uso wa Usumani ulichangamka. Ulichangamka kama wa mtoto aliyesikia baba amerudi. Akafungua mdomo, na neno lilikuwa tayari juu ya ulimi, mkewe akamziba kwa kiganja.

"Ni nani?" Swafiya akauliza.

"Msafiri."

"Msafiri gani?"

"Mliniandikia siku," sauti ikasema, bila hasira, kama mtu anayekumbusha miadi. "Mkanisomea dua ya kufika. Semeni karibu, niingie."

Ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani kuiacha hodi ikae bila jibu. Tunafundishwa kuitikia kabla hatujafundishwa kufunga vifungo vya nguo, na neno lenyewe hutoka kabla ya fikira. Walikaa sakafuni wameshikana, meno yamebanwa, huku kitu kile kikibisha tena na kusema hodi tena kwa adabu ileile, na kila kikisema hodi mtoto tumboni anasogea, mpaka adhana ya magharibi ilipopanda kutoka msikitini pakawa kimya. Kafuri ilikaa ndani ya nyumba hadi asubuhi.

Walikwenda Batsinda, kwa mjane wa Sheikh. Bi Mugeni alikuwa ndani ya eda, kwa hiyo Swafiya aliingia, akaketi naye kwenye mkeka, na Usumani akabaki barazani, pazia likiwa katikati. Mjane alimwacha Swafiya aeleze hadi mwisho. Hakushangaa popote.

"Kilianzia kwangu," akasema. "Sauti yake, kikohozi chake. Nikakiambia mume wangu amelala Moroni, na mimi niko eda, hapa mwanamume asiniletee hodi. Kikaenda."

"Si yeye?" Swafiya akauliza kwa sauti ndogo.

"Oya, si yeye, mwanangu. Yeye alifika alikokwenda. Kamati ilimkaribisha mtu ambaye hajaondoka. Mwenyewe hakurudi, na mlango ulioachwa wazi ukaonwa na mwingine aliyekuwa njiani."

Akaeleza kwamba kitu hicho hakina mwili, na kinautaka ule ambao haujawa wa mtu, kama wa mtoto huyu. Hakiwezi kuvuka kizingiti mpaka mtu aliye hapo nyumbani akiambie karibu kwa ulimi wake. Na kina mwisho: siku iliyoandikwa ikipita bila kukaribishwa, mlango unajifunga wenyewe, kinabaki kuwa cha barabarani. Akayasema haya kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akiokota nyuzi kwenye khanga yake. Kisha akainua sauti ifike barazani.

"Usumani. Sarafu ziliyeyushwa zote?"

"Zote, mama," pazia likajibu.

Bi Mugeni hakuligeukia pazia. Alimtazama Swafiya. Swafiya akainamisha macho kwenye mkeka.

"Basi vizuri," mjane akasema. "Ingekuwa imebaki hata moja, ningesema iyeyushwe leo, mtoto akiwa bado ndani. Akishatoka amefungwa nayo, ukiigusa unamgusa yeye. Na la pili ninawaambia hata hivyo. Kila anayekanyaga nyumba yenu aambiwe. Asione haya mtu. Mmoja asiyejua anatosha."

Basi la kurudi likapita Kimironko. Hapo Swafiya akasema kwa kunong'ona kwamba Usumani amemdanganya mjane, tena mjane wa eda. Usumani akawa anatazama dirishani.

"Nikiiyeyusha na damu ikarudi?" akauliza.

Swafiya alitaka kusema iyeyushe. Lakini aliwakumbuka wale watatu, hasa wa pili, ambaye alikwisha kuwa na vidole. Akaweka mkono tumboni, na huyu wa sasa akamsukuma kutoka ndani, mzima, mwenye nguvu. Walikubaliana wataiyeyusha, lakini si leo. Kesho yake pia haikuwa leo.

Jumatatu uchungu ukamshika mapema kuliko walivyotazamia. Mukunde ndiye aliyempeleka kituo cha afya, ndiye aliyemshika mkono, ndiye aliyetoka nje kumwambia Usumani kwamba ni mvulana na kwamba analia vizuri. Usumani akalia mbele za watu bila kujificha. Swafiya alipowekewa mtoto kifuani alimnusa kichwa, akanusa tena, akakuta harufu ya mtoto, ya maziwa na damu, basi. Alishukuru hadi akaishiwa maneno. Siku zile za kwanza nyumbani hakikusikika kitu uani, na wakaanza kusema labda, labda.

Jumamosi Usumani akajikaza. Aliitoa sarafu msumarini, akaifunga kwenye kitambaa, akatoka nayo kwenda karakana kabla hajabadili nia. Hakuwa amewasha hata moto simu ilipolia. Mtoto ameachia titi, Swafiya akasema. Hanyonyi, halii, midomo imegeuka rangi, rudi nayo, rudi nayo sasa hivi. Usumani alikimbia mtaa mzima na kitambaa mkononi. Alipoitundika mahali pake, mtoto alivuta pumzi, akatafuta titi, akanyonya kama aliyeshinda na njaa.

Wakatazamana juu ya kichwa chake. Hawakuhitaji kukumbushana alichosema Bi Mugeni. Ilibaki siku moja, Jumapili yenyewe. Ipite bila mtu kutamka lile neno, na mtoto wao atakuwa mtoto wao.

Tatizo ni kwamba Jumapili hiyo ilikuwa siku ya saba ya mtoto, na baba mkubwa wa Usumani, mzee Kubwimana, alikuwa ameshanunua mbuzi wa akika na kualika ukoo. Swafiya alimpigia mwenyewe, akamwomba kwa heshima zote shughuli isogezwe. Mzee akamuuliza kwa upole kuna nini, mtoto anaumwa? Mama anaumwa? Kuna msiba mahali? Swafiya akamgeukia mumewe, mumewe akatikisa kichwa. Akasema hapana, baba mkubwa, hakuna kitu. Mzee akasema basi tunakuja.

Nawalaumu, na papo hapo nawaonea huruma. Usiku kucha walikuwa wamejaribu kupanga maneno ya kuwaambia wageni, na kila walipoyapanga yalisikika kama maneno ya kichaa: mle pilau, mnywe soda, lakini msimkaribishe mtu. Mwishoni Swafiya akasema atakaa mlangoni yeye mwenyewe tangu asubuhi. Kila hodi ataijibu yeye, akishaona uso.

Na alikaa. Shangazi wakamwambia mzazi hakai kwenye upepo, akasema ndani kuna joto. Wakamtania kwamba amekuwa askari wa benki. Wageni wakaja wawili wawili, watatu watatu, yeye anawatazama nyuso kwanza halafu ndipo anasema karibuni, na wengine wakaona amebadilika, uzazi umempa kiburi. Sebule ikajaa, mikeka ikajaa, watoto wakakaa mapajani. Uani kwa nyuma Mukunde alikuwa amejifunga kitenge anapakua pilau na wanawake wa mtaani, na sauti yake ya kwaya ilisikika juu ya sufuria zote.

Jua likaanza kugeuka. Mzee Kubwimana akaita wembe na maji, mtoto anyolewe, apewe jina lake, Niyonzima, kabla ya sala ya alasiri. Usumani akamshika kwenye mapaja yake katikati ya chumba. Swafiya hakuondoka mlangoni. Aliwaangalia kwa bega, jicho moja ndani jicho moja uani, na akamwona mzee akilowesha vidole, akipaka maji kichwani, akishusha wembe taratibu.

Mtoto akapiga ukelele. Ulikuwa mkali, mwembamba, usio wa kichanga cha siku saba, na watu wote walionyamaza kusikiliza walikunja nyuso. Maziwa yakamtoka Swafiya mwenyewe, yakamlowesha gauni. Usumani akamwita kwa jina, mara moja tu, na kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kinywani mwake. Akainuka. Akavuka miguu ya watu, akaruka sahani, akapiga magoti, akanyoosha mikono ampokee, na mikono ikiwa bado hewani akasikia magurudumu.

Yalikuwa yanatoka kwenye mawe. Yaliruka kijifereji, yakapita geti lililokuwa wazi kwa ajili ya wageni, yakaingia kwenye saruji na lile moja linalolia, na yeye akageuka kurudi mlangoni lakini mkeka ulikuwa umejaa watu, shangazi ananyoosha mguu uliokufa ganzi, mtoto wa mtu amelala njiani, bibi mmoja anamshika nguo akimwambia keti mwanangu utaanguka, na yeye anataka kupaza sauti asiseme mtu kitu na hewa haitoki, na kafuri imekwisha kujaa puani, na kikohozi kile kidogo kikasikika nje kwa unyenyekevu wa mgeni aliyechelewa.

"Hodi wenyewe."

Kutoka upande wa sufuria, kwa roho safi ya mtu aliyelelewa vizuri, Mukunde akaitikia.

"Karibu. Karibu sana, injira tu ndani, leo ni sherehe."

Chumbani kwao sarafu ikaanguka kutoka msumarini. Watu wa sebuleni waliisikia ikizunguka sakafuni, muda mrefu, kisha ikalala. Mmoja akasema kuna kitu kimedondoka. Mzee Kubwimana alibaki na wembe juu, maana mtoto alikuwa amenyamaza ghafla, katikati ya kilio, kama redio iliyozimwa.

Mukunde akatokea mlangoni anavuta sanduku jeusi la magurudumu, uso umejaa jasho na tabasamu.

"Mgeni wenu ameacha valizi yake kwa mlango, yeye simuoni," akasema. "Nimeingiza, mvua isije. Iko nyepesi, nadhani iko tupu."

Swafiya akampokea mtoto kwa Usumani. Hakuna aliyemwambia ampokee, na angeweza kufanya nini kingine, alikuwa mwanawe, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Alikuwa wa baridi kidogo. Macho yake yalikuwa wazi, yanapita chumbani uso kwa uso bila haraka, yanawatazama shangazi, yanamtazama mzee, yanamtazama Usumani aliyeanza kurudi nyuma kwa magoti, kama mtu aliyetoka safari ndefu anayeangalia nani bado yupo. Yakafika kwa mama yake, yakatulia.

Kisha akakohoa, kikohozi kidogo, cha mtu anayetaka kuanza kusema.